Kungoja Nje ya Mawimbi: Je, Ni Kukosa Imani?



Katika ukurasa huu tunataka kuuliza swali moja ambalo limetusumbua kwa miaka mingi. Mvuvi anayengoja nje ya mawimbi, hali watu wake wanamwita kutoka ukingoni, je, amekosa imani? Na yule anayeingia kwa nguvu akisema kwamba Mungu atamsaidia, je, yeye ndiye mwenye imani? Labda mtu atasema: swali hili ni la wavuvi, nasi hapa Kamanyola ni watu wa bonde la Ruzizi, watu wa mihogo, mpunga na barabara. Ni kweli. Lakini ndagala tunaokula hutoka ziwa Tanganika, na kabla hawajafika sokoni kwetu kuna watu waliowapitisha katika mawimbi. Tena mtaona kwamba swali lenyewe halikai ziwani tu.

Tulipokuwa vijana wa miaka ishirini na kitu tulifanya biashara ya ndagala. Tulishuka hadi mwalo mmoja kusini ya Uvira, tukanunua asubuhi, tukapandisha mzigo kwenye gari la kurudi kwetu. Siku moja, wakati wa kiangazi, upepo wa kusini ulivuma toka usiku. Wanaojua ziwa wanajua maana yake. Ziwa Tanganika lina urefu wa kilometa karibu 670, na upepo ule unalifuata kwa urefu wake, ukisukuma maji njia yote, hata mawimbi yanapofika upande wetu wa kaskazini yamekwisha kukomaa. Mitumbwi miwili ilikuwa inarudi kutoka kwenye uvuvi wa taa. Ikasimama mbali kidogo, mahali ambapo maji yanapanda na kushuka bila kuvunjika.

Sisi tulikuwa ukingoni pamoja na wamama wenye mabeseni. Dereva alikuwa anapiga honi. Jua lilikuwa linapanda, na ndagala wasipoanikwa mapema huharibika. Basi tukaanza kuita: Njooni! Mnaogopa nini? Wengine wakapunga vitambaa. Mmoja wetu akapaza sauti kwamba wenye kuomba hawaogopi maji. Mtumbwi wa kwanza ukaingia. Wimbi likaushika kwa nyuma, likaugeuza ubavu, ukapinduka. Watu watatu walitoka. Wa nne alikuwa amesimama kati ya mtumbwi na mchanga, wimbi la pili likamletea mtumbwi juu yake. Tulimtoa, lakini alikuwa amekwisha kufa.

Mtumbwi wa pili uliendelea kungoja. Mzee aliyeushika alitupa sehemu kubwa ya samaki wake majini ili mtumbwi uwe mwepesi, akakaa kule hadi mchana, kisha akaingia na watu wake wote wazima. Gari lilikuwa limekwisha kuondoka. Samaki waliobaki hawakutosha kulipa hata mafuta ya taa. Watu wakamcheka, wakasema ana moyo wa kuku.

Kwenye kilio cha yule marehemu, mtu mmoja alisimama akasema kwamba kama imani yake ingekuwa kubwa, maji yasingemshinda. Mjane wake alikuwa ameketi pale pale, anasikia. Sisi tulioita tulikuwapo pia, tukanyamaza.

Ndugu wasomaji, tuanze na maji yenyewe, maana mtu asipojua kazi ya maji atasema maneno mengi ya bure juu ya imani. Wimbi likiwa kwenye kilindi halina hatari sana kwa mtumbwi mzuri. Linauinua na kuushusha. Likikaribia nchi kavu, sehemu yake ya chini inagusa ardhi na kupunguza mwendo, ya juu inaendelea kukimbia, na kina cha maji kinapokaribia kulingana na urefu wa wimbi, linaanguka. Kwa hiyo ziwa hili lenye kina cha mita 1470 huua watu wengine mahali ambapo maji hayapiti kifua. Hatari iko karibu na nyumbani. Tena mwenye mtumbwi anayaona mawimbi kwa mgongo, na mgongo wa wimbi huonekana mdogo kuliko uso wake. Wale wa ukingoni wanauona uso. Basi waliopaswa kumwonya ni sisi, nasi ndio tuliomwita.

Wavuvi wazee hufundisha hivi. Usiingie mara ufikapo. Simama nje, tazama. Mawimbi makubwa huja kwa makundi, halafu hufuata madogo. Yahesabu mpaka umejua desturi ya siku hiyo. Chagua mahali penye mchanga unaoteremka polepole, ukaepuke mdomo wa mto, kwa maana mkondo wa mto na wimbi la ziwa vikigongana maji husimama kama ukuta. Funga vyombo vyote. Wimbi likija nyuma yako, usikimbie mbele yake. Piga kasia kwa kurudi nyuma, liache lipite chini yako, kisha fuata mgongo wake kwa nguvu zote. Mtumbwi usikae ubavu hata kidogo. Wengine huugeuza kabisa, mbele ikatazama ziwa, wakaingia kinyumenyume wakiyakabili mawimbi uso kwa uso. Ukipinduka, kaa upande wa ziwa, usisimame kamwe kati ya mtumbwi na nchi kavu: nusu meta ya ujazo ya maji ndani ya mtumbwi ni kilo 500, na hakuna mguu wa kuzizuia. Mtumbwi ukigusa mchanga, rukeni mara moja, mvute kabla wimbi jingine halijafika. Hata kule Afrika Kusini, pwani ya KwaZulu-Natal, wako watu wanaovua baharini kwa vimtumbwi vya mtu mmoja, namna ya kayaki, na elimu yao ya kupita mawimbi haiko mbali na hii.

Sasa turudi kwenye swali. Je, kuyafuata haya ni kukosa imani? Tusome habari ya safari ya Paulo katika Matendo ya Mitume, sura ya 27. Katika chombo kile walikuwamo watu 276. Paulo alikuwa amewaonya mapema wasiendelee na safari, lakini ofisa aliwasikiliza zaidi nahodha na mwenye chombo. Baadaye, katikati ya tufani, Paulo alipewa ahadi kwamba hata mtu mmoja hatapotea. Angalieni alivyofanya baada ya kuipata. Hakusema, basi tuingie gizani. Walipoona maji yanapungua kina walishusha nanga nne, wakangoja kupambazuke. Mabaharia walipotaka kutoroka, Paulo mwenyewe alisema kwamba wale wasipobaki, wengine hawataokoka. Watu wakala, wakatupa ngano baharini. Kulipokucha ndipo walipoelekea nchi kavu. Chombo kilivunjika, mzigo ulipotea, watu wote walifika.

Basi tunajifunza kwamba mwenye ahadi kuliko wote ndiye aliyewataka wajuzi wa kazi wasiondoke. Ahadi haikufuta nanga. Kama Paulo hakukosa imani kwa kungoja asubuhi, yule mzee wa mtumbwi wa pili naye hakukosa imani kwa kungoja mchana. Na kama ngano ya watu 276 iliweza kutupwa bila dhambi, mabeseni machache ya ndagala yaliweza kutupwa pia. Kutupa samaki kwa ajili ya watu si kudharau riziki, kwa sababu riziki ilitolewa ili watu waishi.

Lakini tusiende upande mwingine tukaanguka. Mtu anaweza kuuliza: Je, kungoja ni kuzuri siku zote? Hapana. Mtumbwi unaweza kuvuja, watu wanaweza kuishiwa nguvu kwa baridi, upepo unaweza kuongezeka. Kuna kungoja ambako ni woga tu umevaa nguo ya hekima. Tofauti yake iko wapi? Mwoga anayapa mawimbi kisogo, hataki kuyaona. Anayengoja kweli anafanya kazi: anatazama, anahesabu, anakumba maji, anaulinda mtumbwi usigeuke. Na nafasi ikija haombi siku nyingine. Anapiga kasia kwa moyo wote wala habadili nia katikati, kwa maana anayesimama katikati ya mawimbi yanayovunjika ana hatari kuliko aliyeingia na kuliko aliyebaki nje.

Linabaki neno moja, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Tumezoea kuuliza imani ya aliye majini. Mbona hatuulizi imani ya walio ukingoni? Yeye alikuwa na deni la wavu, alikuwa na mke na watoto, alituona tukipunga vitambaa. Sisi tulikuwa na nini? Tulikuwa na gari lililotaka kuondoka. Tuliiita imani ile haraka yetu wenyewe, tukamtwika yeye. Na alipokufa tukaacha aitwe mwenye imani haba, ili sisi tusiitwe wenye tamaa. Kama kuna aliyepungukiwa na imani asubuhi ile, ni sisi tulioshindwa kuamini kwamba Mungu angeweza kutulisha siku ambayo gari limetuacha.

Mambo haya yako kwetu hapa kila siku. Abiria wanaomhimiza dereva kwenye miteremko ya Ngomo wakati wa mvua wako ukingoni, wanaita. Baba anayemwambia kijana aliye mbali asirudi mikono mitupu anaita. Sisi watumishi tunaomwambia mgonjwa kwamba kwenda hospitali ni mashaka, nasi tunaita, tena kwa sauti kubwa kuliko wote.

Basi tunawaomba jambo dogo. Mkiwa ukingoni, kwanza nyamazeni. Anayejua maji ampe mwenzake ishara ya kungoja au ya kuingia. Wenye nguvu washike kamba, watoto waondolewe njiani. Na mtumbwi ukifika, mtu asiulize mabeseni mangapi kabla watu hawajahesabiwa.

Yule mjane tulimtembelea baada ya miaka mingi, tukamwambia kwamba sisi tulikuwa miongoni mwa wale walioita. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema: Nami nilikuwa ninaita. Tukalia pamoja. Tangu siku ile hatujaweza kusimama kwenye kilio chochote na kuipima imani ya marehemu.

Amani iwe nanyi nyote.