Kosa la Kupokea

Julai 2016, mjini Tehran, madishi ya setilaiti 100,000 yaliharibiwa kwa hesabu ya wenye mamlaka. Mkuu wa wanamgambo wa Basij, Mohammad Reza Naqdi, alidai chaneli za nje zinaongeza talaka na uraibu. Sheria iliyopiga marufuku dishi ilikuwa imeshatimiza miaka 20, na waziri wa utamaduni wa wakati ule, Ali Jannati, alikiri kuwa asilimia 70 ya Wairani wanaivunja, akataka irekebishwe.

Mtu aliyeketi sebuleni kwake akitazama taarifa ya habari amemkosea nani?

Anayechezea king'amuzi ili aone chaneli za kulipia bila kulipa anakula jasho la mwenzake, huyo simtetei. Lakini chaneli nyingi za Kiajemi zinazorushwa kutoka ng'ambo hazina kufuli: mwenye nazo amezitoa bure. Setilaiti iko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na mawimbi yake hushukia paa la msikiti, la kambi ya jeshi na la mjane bila kubagua. Yalikwishafika kabla fundi hajapanda juu. Kazi yake ni kuligeuza dishi taratibu, upana wa kidole tu, mpaka picha itulie.

Serikali nazo zina hoja, tena nzito. Mwaka 1982 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio 37/92, likitaka nchi inayokusudia kurusha matangazo ya setilaiti kwa watu wa nchi nyingine ishauriane nayo kwanza. Nchi changa zilihofia kumezwa na wenye mitambo na fedha. Hofu hiyo naiheshimu.

Ila azimio lile lilimbana mrushaji. Msemaji akizusha au akichochea, maneno yake yamewafikia watu na yupo wa kumhoji. Msikilizaji hajamtendea mtu lolote. Ukimwadhibu, unaadhibu kinachoweza kupita kichwani mwake: kwamba atapima habari mbili, na pengine aamini ile usiyoipenda. Hapo udhibiti umeshavuka vyombo vya habari, umeingia kwenye fikra za watu. Ndiyo maana Ibara ya 19 ya Tamko la Haki za Binadamu la 1948 inataja kutafuta na kupokea habari pamoja na kuzitoa, bila kujali mipaka.

Wanaotunga sheria za utangazaji, popote walipo, wambane mrushaji kwa masharti ambayo mahakama huru inaweza kuyapima. Mpokeaji wa matangazo ya wazi wamwondoe kabisa katika orodha ya wahalifu.