Kuandika Huku Wenzako Wanangoja

Mzee mmoja aliyekuwa mwalimu kule Masisi aliniuliza swali, na mpaka leo sijamaliza kulijibu. Nilikuwa namweleza jinsi mimi na marafiki zangu tunavyoandika. Tuko watano. Mmoja yuko kambi ya Kiziba, mmoja Mahama, yaya mmoja yuko Nairobi, mwingine alipelekwa Marekani na familia yake, na mimi niko hapa Kigali. Kila Ijumaa saa 3 usiku tunafungua simu ya kundi kwenye WhatsApp. Nairobi tayari ni saa 4, Marekani bado ni mchana. Tunasalimiana, kila mtu anasema leo anataka kuandika nini, halafu tunazima maiki na kuandika dakika 40. Mwishoni kila mmoja anasoma sentensi moja. Basi, ni hivyo tu.

Mzee akacheka. Akasema: "Mwanangu, mtu anayehitaji kulindwa ndiyo aandike, huyo hana cha kuandika. Mwenye neno moyoni, usingizi wenyewe unamkataa."

Niliumia, kwa sababu niliogopa kwamba anasema kweli. Mfano wa kumuunga mkono ninao mwenyewe. Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa mwishoni mwa 1977, akafungwa Kamiti bila kesi. Mule ndani akaandika riwaya yake ya kwanza kwa Kigĩkũyũ juu ya karatasi za chooni. Hakuna aliyekuwa anamngoja kwenye simu. Na mimi hapa, mwenye daftari, kalamu na taa, bila wenzangu siandiki hata ukurasa. Sasa je, mimi ni mwandishi au ni mtu anayependa tu kuonekana?

Nilipowaza zaidi, niliona hata mfano wa Ngũgĩ hauko wazi hivyo. Alifungwa baada ya tamthilia ambayo yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika, na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ waliirekebisha wenyewe kwenye mazoezi. Kwa hiyo aliingia gerezani akiwa ameshajua anamwandikia nani. Kitabu kilipotoka 1980, watu walikisoma kwa sauti, nyumbani na kwenye baa. Chumba kilikuwa cha mtu mmoja, kweli, lakini kazi yenyewe ilikuwa na watu ndani yake.

Na kuna mwingine wa karibu zaidi na sisi. Behrouz Boochani, Mkurdi wa Iran, aliomba hifadhi Australia, akazuiliwa miaka mingi katika kisiwa cha Manus, Papua New Guinea. Kitabu chake alikiandika kwa simu, ujumbe mmoja mmoja wa WhatsApp, akiwatumia marafiki walio nje. Omid Tofighian akakitafsiri kwa Kiingereza, kikatoka 2018. Mwaka uliofuata kikapata tuzo kubwa ya fasihi kule Australia, na yeye mwenyewe wakati huo alikuwa bado haruhusiwi kuingia nchi hiyo. Nani atamwambia huyo kwamba hakuwa na cha kuandika kwa sababu kulikuwa na mtu upande wa pili wa simu?

Hapa Rwanda tunajua umuganda. Jumamosi ya mwisho ya mwezi tunatoka na majembe na mafagio. Mimi peke yangu nisingesafisha ule mfereji, tusidanganyane. Ninausafisha kwa sababu jirani yuko pale. Lakini mvua ikinyesha, maji hayaulizi kama nilichimba kwa moyo au kwa aibu. Yanapita.

Halafu kuna jambo letu sisi wakimbizi. Kambini hakuna upweke wa kukosa watu. Kiziba iko tangu 1996, nyumba zimebanana, unasikia jirani akikohoa. Upweke wetu ni wa namna nyingine: hakuna anayengoja neno lako. Wanaotuuliza habari zetu mara nyingi wana fomu mkononi, na jibu linatakiwa kuingia kwenye kisanduku. Sisemi kwa ubaya. Mimi nafanya kazi na vijana, na mimi pia nabeba hizo fomu. Ila mtu akizoea kusema maisha yake ili apate kitu, anasahau kuyasema bila kuomba chochote. Ijumaa usiku hakuna fomu. Ndiyo sababu tunakaa.

Mpaka hapo nilidhani nimemshinda mzee. Lakini kuna usiku mmoja lazima niuseme.

Ijumaa hiyo nilichoka. Nikawaambia wenzangu naandika juu ya baiskeli ya baba. Nikazima maiki na kamera, nikaacha simu juu ya kitanda, nikaenda kwa jirani kutazama mechi. Zilipobaki dakika chache nikarudi, nikachukua sentensi ya zamani kwenye daftari, nikaisoma. Wakaisifu.

Kisha dada wa Mahama akasoma yake. Ilikuwa juu ya siku ambayo kaka yake hakurudi nyumbani. Miezi mingi alikuwa akijaribu kuandika hiyo sentensi na anaiacha njiani. Akasema, "Leo nimeweza kwa sababu nilijua mko hapo."

Mimi sikuwa hapo. Na yeye mega za kuingia kwenye ile simu alizinunua kwa pesa ya kusuka watu nywele.

Nilikaa wiki mbili bila kusema. Nilipomwambia, alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema: "Sentensi yangu ni ya kweli hata hivyo. Lakini sasa sijui niliiandika na nani."

Hapo ndipo nilielewa kwamba mzee na mimi tulikuwa tunabishana juu ya swali lisilo lenyewe. Kuhitaji watu si kosa. Mtoto anajifunza kutembea kwa sababu kuna mikono mbele yake. Kosa ni kujifanya mikono wakati haupo. Ukimwambia mtu "niko na wewe," umempa kitu cha kuegemea, na yeye ataegemea kwa uzito wake wote, hasa kama ana mzigo.

Siku hizi tuna sharti moja. Aliyechoka aseme amechoka. Mwenzetu wa Marekani anafanya kazi ya usiku, mara nyingi anatuambia, "Leo siandiki, nasikiliza tu, naweza kulala." Analala kweli, tunasikia pumzi yake. Huyo yuko na sisi kuliko nilivyokuwa mimi ile siku ya mechi.

Kwa nyie mnaofanya kazi kambini: si lazima simu wala intaneti. Vijana wengi wangeandika kama wangepata chumba, benchi na saa moja, bila mada iliyoandaliwa na bila mtu wa kuwapiga picha.

Na mzee, kama unasoma hapa, shikamoo. Ulikuwa na nusu ya ukweli. Insha hii niliianza Ijumaa pamoja na wenzangu, lakini sehemu ya mechi niliiandika peke yangu, simu imezimwa, kwa sababu wao wangekuwepo ningeipamba. Kuna maneno yanayotaka mtu akae nayo bila shahidi. Nilipoimaliza nilimsomea kwanza dada wa Mahama, yote, si sentensi moja. Alirekebisha sehemu mbili, akasema itoke.