Nani Atawafundisha Watoto Wetu Kumsifu Mungu?

Katika makanisa mengi ya mijini siku hizi, ibada ya Jumapili hufunguliwa kwa kipindi cha kusifu na kuabudu. Timu ya sifa husimama mbele na vipaza sauti, kinanda hulia, maneno ya nyimbo huonyeshwa ukutani, na watoto hucheza kwa furaha. Hilo si baya. Zaburi ya 150 inataja tarumbeta, kinubi, matari na matoazi, kwa hiyo anayelalamikia ngoma kanisani aanze kwa kuijibu Zaburi hiyo. Linalotutia wasiwasi sisi wazazi, au linalopaswa kututia wasiwasi, ni kwamba wengi wa watoto hao, Jumatatu hadi Jumamosi, hawamsikii baba wala mama akimwimbia Mungu hata ubeti mmoja.

Katika nyumba nyingi za Kikristo kitabu cha nyimbo kilikaa pamoja na Biblia: Mwimbieni Bwana kwa Walutheri, Nyimbo za Kristo kwa Wasabato, Tenzi za Rohoni kwa wengi wengine. Mtoto alizijua nyimbo kwa moyo kabla hajajua kusoma, kwa kuwa alizisikia kwenye sala ya jioni. Leo baba anarudi usiku watoto wamelala, mama amechoka, na jioni ya wote imeishia kwenye simu. Kazi ambayo Zaburi ya 78 iliwapa akina baba, ya kukisimulia kizazi kijacho sifa za Bwana na matendo yake, tumewaachia walimu wa shule ya Jumapili, ambao huwaona watoto wetu kwa muda mfupi tu kila wiki.

Na hata hicho kidogo wanachofundishwa huko, sisi wenyewe hukibomoa. Mtoto anamwona baba aliyeinua mikono ibadani akimtukana dereva wa bodaboda njiani. Anamsikia mama, aliyetoka kuabudu kwa machozi, akimfokea dada wa kazi kwa sababu wali umeungua. Yakobo aliona haifai kinywa kimoja kutoa baraka na laana. Mtoto hatatukemea kama Yakobo. Atanyamaza, aamue moyoni kwamba sifa ni vazi la Jumapili, na akifika ujana atalivua.

Sifa hufundishwa hasa siku mbaya. Paulo na Sila waliimba usiku wa manane gerezani Filipi, wamechapwa, miguu imefungwa kwenye mkatale, na wafungwa wengine walikuwa wakiwasikiliza. Watoto nao hutusikiliza ada inapokosekana, mgonjwa anapolazwa, kazi inapokwisha ghafla. Si lazima mzazi ajifanye hana huzuni. Zaburi nyingi huanza kwa kilio, na mtoto anayemsikia mzazi akimlilia Mungu kisha akimshukuru hupata imani atakayoiegemea atakapokuwa na matatizo yake mwenyewe. Mtoto aliyezoea sifa za siku ya mshahara tu, ataegemea nini?

Nidhamu nayo ina nafasi yake. Tuketi na watoto ibadani, simu zetu zikiwa zimezimwa kwanza, ndipo tudai za kwao zizimwe. Kijana asilazimishwe kurukaruka, lakini afundishwe kuheshimu ibada. Wadogo tusiwanyamazishe kwa makofi: makuhani wakuu nao walikasirika watoto walipopaza Hosana hekaluni, na Yesu akawajibu kwa Zaburi ya 8.

Wazazi wenzangu, tuanze jioni ya leo. Tuzime televisheni, mtoto mdogo kuliko wote achague wimbo, tuuimbe hata kama sauti zetu ni mbovu. Na kama kuna mtu humo nyumbani tuliyemkosea mchana, awe mwenzi wetu, mtoto au dada wa kazi, tumwombe radhi kwanza, watoto wakisikia.