Nirudishieni Bwana Msa Wangu

Jumatano nilipigiwa simu na mwalimu wa sekondari moja ya jirani. Sauti ya kijana, adabu tele. "Shikamoo mzee. Ile fomu yako tumeipata, ila kuna mahali tunaomba turekebishe." Fomu yenyewe ni ya wageni watakaozungumza na wanafunzi siku ya taaluma: jina, kazi, miaka kazini, na chini kabisa, mwanasayansi aliyekuvutia. Hapo nilikuwa nimeandika Bwana Msa.

"Huyu Bwana Msa ni yule wa riwaya?"

"Ndiye huyo huyo."

Akanyamaza kidogo. "Sasa mzee, si hayupo?"

Nikamwambia hata Newton hayupo, alishazikwa. Akacheka, nikadhani yamekwisha. Jana ratiba imeletwa. Mbele ya jina langu pameandikwa: Isaac Newton.

Nina miaka 27 maabarani, napima damu, mkojo na makohozi ya watu. Na Newton sina ugomvi. Lakini humu hakunileta yeye.

Nililetwa na kitabu kisicho na jalada, kilichopita mikononi mwa kaka zangu wawili kabla ya kunifikia nikiwa kidato cha pili, Tanga. Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla. Kuna maiti mzimuni, kuna watu walio tayari kuamini kwamba wa kale wamefanya yao. Halafu anaingia huyu bwana na kiko chake, rafiki yake Najum yuko ubavuni, anaanza kuuliza maswali ambayo kwetu mtoto akiuliza anaambiwa akacheze nje.

Siku zile nyumbani tulikuwa na mtu darini. Kila usiku wa manane utasikia hatua: tatu, kimya, kisha kitu kinaburutwa. Bibi alikwisha mpa cheo, alimwita mwenye nyumba, na hakuna aliyeruhusiwa kupanda kumchungulia. Nilipofika katikati ya kitabu nikashindwa kuvumilia. Nikachekecha majivu ya jikoni, nikapanda darini alasiri Bibi akiwa kwa jirani, nikayatandaza juu ya mbao, membamba kama poda ya mtoto. Usiku ule sikulala. Asubuhi nikapanda na tochi. Nyayo ndogo, vidole vimejipanga kama vya paka, na nusu ya papai lililotafunwa. Siku ya tatu tulimwona mwenyewe akitokea kwenye upenu: kanu, madoadoa mwili mzima, mkia wa pingili.

Nikamwita Bibi kwa fahari zote. Akatazama nyayo muda mrefu, akanitazama na mimi.

"Haya mume wangu, ni kanu. Na kanu nani kamtuma?"

Mpaka leo sijamjibu. Na swali lake nimelikuta maabarani mara nyingi. Unamweleza mgonjwa kwamba vijidudu vya malaria umeviona kwa macho yako, anakubali bila ubishi, kisha anataka kujua kwa nini mbu amemchagua yeye, amemwacha mwenzake waliyelala naye kitanda kimoja. Hilo hadubini haijibu. Lakini mwenye kuuliza hivyo amekwisha meza dawa, nami kazi yangu imekamilika.

Najua kuna msomaji ameshakunja uso. Bwana Msa ni mpelelezi, atasema, usitupakie sayansi kwa nguvu. Sawa. Basi anieleze mpelelezi anafanya nini ambacho mimi sifanyi. Anatazama, anashuku, anapima, anakataa jibu la haraka hata likiwa la watu wazima. Wazungu walikwisha maliza ubishi huu. Sherlock Holmes, ambaye Bwana Msa ni kama mdogo wake wa Unguja, tunakutana naye mara ya kwanza, katika hadithi ya 1887, ndani ya maabara ya hospitali London. Anashangilia kama mtoto kwa kuwa amepata kipimo cha himoglobini. Anajitoboa kidole, tone moja analitia kwenye lita nzima ya maji, anaongeza dawa, maji yanageuka rangi ya kahawia na mashapo yanashuka chini. Mwaka 2002 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kikampa uanachama wa heshima. Mtu asiyekuwepo! Wanakemia wenyewe hawakuona haya, sembuse kamati ya siku ya taaluma.

Mwingine atasema watoto wapewe watu wa kweli, waone kwamba inawezekana. Hapa ndipo ninapokataa kabisa. Huyo Newton wa kweli tunampelekea mtoto akiwa ameshasuguliwa akang'aa: tofaa, kanuni tatu, picha yenye nywele ndefu. Miaka yake mingi ya kuhangaika na madini ili apate dhahabu hatuitaji darasani. Bwana Msa ana kitabu kizima cha mwaka 1984 kinachoitwa Kosa la Bwana Msa. Mtoto wa kidato cha pili atajiona kwa nani, kwa asiyekosea au kwa mwenye kosa lililopigwa chapa juu ya jalada?

Tena kama ni lazima awepo mtu wa kweli, yupo, amejificha nyuma yake. Msa ni herufi tatu za jina la mwandishi. Mzaliwa wa Makunduchi, 1918, aliyeanza kazi kama mkaguzi katika idara ya afya Zanzibar kabla ya kuingia magazetini. Bwana afya! Mtu ambaye mkate wake ulitokana na kufunua mapipa ya maji ya watu na kutazama kilichomo. Mswada wa Mzimu ulishinda zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya 1957–58, ukatoka kitabu 1960. Sijamwona mwalimu akimtaja kipindi cha baiolojia.

Ijumaa ijayo nitakwenda. Nitabeba hadubini na kopo la majivu yaliyochekechwa, na Newton wao abaki kwenye ratiba. Nawe uliyeazima kwangu Kisima cha Giningi, kisa kingine cha Bwana Msa, mwaka juzi, ukasema ni wiki moja tu, unajijua. Nakihitaji kabla ya Ijumaa.