Mchoraji na Kaburi Lisilokuwepo

Patrice Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Miili yao iliangamizwa ili pasiwe na kaburi. Jino moja la Lumumba ndilo lililorejeshwa na Ubelgiji mwaka 2022. Katika miaka ya 1970, Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi, aliichora miili hiyo mitatu imelala chini, na nyuma yake misalaba mitatu.

Swali la kimaadili linalozuka hapa ni hili: msanii ambaye hakuyashuhudia mauaji ana haki gani ya kuyachora? Mhakiki anayeshikilia uhalisi atadai kwamba misalaba ile ni uongo. Dai hili lina uzito, kwani anayemvisha mwanasiasa utakatifu huweza kuyafuta makosa yake, na msiba ukageuka ngano. Hata hivyo, Tshibumba, aliyezieleza picha zake kwa Kiswahili cha Shaba, alijiita mwanahistoria. Alichokihifadhi ni maana ya tukio kwa walioachwa. Wauaji waliuondoa ushahidi. Kumdai msanii ushahidi uo huo ni kuwakamilishia kazi yao.

Kwa hivyo, wajibu wa mchoraji si kuiga alichonyimwa kukiona, bali ni kutoficha kwamba anafasiri. Misalaba ile inaukiri ufasiri huo waziwazi, maana hapana atakayeidhania kuwa picha ya kamera. Uaminifu wake umo katika ungamo hilo.