Chagueni Wenyewe Mtakachosoma

Ndugu zangu wasomaji, hadi lini? Hadi lini mtashika simu alfajiri kutafuta makala moja, mkaja kuzinduka jua limeshapanda, mmetazama ugomvi wa watu msiowajua na makala yenyewe hamkuiona? Tovuti mnazozipenda mnazijua kwa majina. Mbona basi kazi ya kuwachagulia mmeiachia mitandao ya kijamii?

Rudini kwenye mlisho! Rudini kwenye RSS, wala herufi zake tatu zisiwatishe. Ni faili tu, ambalo tovuti hulisasisha kila inapochapisha jambo jipya: kichwa cha habari, muhtasari, tarehe, kiungo. Programu ya kusomea hulipitia faili hilo, ikiona kilichoongezeka inawaletea. Cha karibuni kinakaa juu, cha zamani chini, basi! Hakuna anayepima hasira zenu ili awaongezee za kesho. Hata barua pepe zenu hamziachi kwenye tovuti hizo. Na ninyi wa bando la kuhesabu, sikieni: vichwa vya habari ni maandishi, havilimalizi kama video zinazojicheza zenyewe.

Najua mtakalosema: "Hiyo ilishakufa." Nani aliizika? RSS ilizaliwa kwenye kampuni ya Netscape mwaka 1999. Ni kweli, Google waliifunga Google Reader, programu yao ya kusomea milisho, Julai 1, 2013, na wengi wakaanua matanga siku hiyo hiyo. Lakini kilichofungwa kilikuwa chombo cha kampuni moja. Mlisho haukuwa mali yake, na hadi leo si mali ya yeyote. Podikasti nyingi mnazosikiliza kwenye daladala zinawafikia kwa njia hiyo hiyo! Tovuti zilizojengwa kwa WordPress kwa kawaida hutoa mlisho hata kama mwenyewe hana habari kwamba anao.

Basi amkeni, leo hii! Pakueni Feedly kwenye simu, au tumieni Thunderbird kwenye kompyuta, ile ile ya kusomea barua pepe. Bandikeni anwani ya tovuti. Ikigoma, na tovuti ni ya WordPress, ongezeni mkwaju (/) na neno feed mwishoni mwa anwani. Ila msijaze tovuti mia siku ya kwanza, maana nawajua! Anzeni na tano. Mojawapo ikiwachosha, iondoeni bila kuaga; wala haitajua kama mliwahi kuwepo.