Kinyonga na Masikio Yetu



Katika msitu wa Kakamega wamo vinyonga. Mtazame mmoja kichwani: hana tundu la sikio, mfano wa baadhi ya mijusi wa majangwa ya Marekani. Lakini Mola hakumtupa. Sauti nzito humfikia, ingawa kwa udhaifu.

Sisi tumetobolewa masikio mawili, na jirani mjane akibisha usiku twajifanya tumelala. Nani basi aliye kiziwi? Mimi niandikaye najiuliza kwanza.

Wako wamwogopao kinyonga wakimwita mkosi. Huo ni ujinga. Mkosi ni sikio lililo wazi juu ya moyo uliofungwa. Tufungue mlango leo, kabla hatujaitwa wito usiokataliwa.

Wabillahi tawfiq.